Tangi la maji chumvi hapa Mwanza: baada ya miezi 9, nini ununue na nini uache

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni sana. Niko nyumbani hapa Nyegezi, na mlio huo mnaousikia nyuma yangu ni pampu. Mniwie radhi, leo siizimi, na mbele ya safari mtajua kwa nini.

Leo sina boksi jipya la kufungua. Kilichopo nyuma yangu ni tangi la samaki wa baharini, la lita 100, ambalo lina miezi 9 sasa likiwa na maji ndani. Wengi mmeniandikia mkiuliza kama inawezekana kufuga samaki wa bahari huku ziwani, na kama seti zile za kuanzia zinazouzwa mtandaoni zina thamani ya hela yake. Inawezekana. Na seti zina thamani, ila sehemu tu. Nitapita kifaa kimoja kimoja.

Kuna mzee mmoja jirani yangu, amevua ziwa hili tangu ujana wake. Siku ya kwanza alipoingia sebuleni akasimama mbele ya kioo kimya, halafu akaniambia, “Mwanangu, ziwa lote hili, umefuata samaki wa Dar?” Nikamjibu, “Shikamoo mzee, samaki ni wadogo tu, kilichonisumbua ni maji yao.” Na hilo jibu ndilo uchambuzi wangu wote wa leo. Ukitaka samaki wa chumvi Mwanza, unanunua maji kwanza. Hela yako nyingi iende kwenye maji na kwenye vipimo vya maji, kioo kije baadaye, samaki waje mwisho kabisa.

Tuanze na kioo basi, tumalizane nacho. Hili ni tangi la seti, lina chumba cha nyuma cha chujio, taa juu na pampu moja. Kioo kizuri, silikoni imekaa vizuri, sina malalamiko. Taa inatosha samaki, haitoshi matumbawe, na mimi sifugi matumbawe. Pampu iliyokuja nayo ni dhaifu, nimeshaibadilisha. Kitu kimoja tu: msilikadirie kwa macho. Maji peke yake ni kilo mia na kidogo, weka mawe, mchanga na kioo chenyewe, unafika kilo 130 au zaidi. Nenda kwa fundi seremala akutengenezee meza ya mninga au ya chuma, na uipime kwa pimamaji kabla hujaweka tone la maji. Ile meza ya televisheni iache na televisheni yake.

Sasa chumvi. Hapa tukae kidogo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini nisinunue chumvi ya dukani nikakoroga? Ndugu zangu, chumvi ya kupikia ni sodiamu na kloridi, basi, na hapa kwetu imeongezwa madini joto. Maji ya bahari yana sodiamu na kloridi kwa sehemu kubwa, kweli, lakini ndani yake kuna magnesiamu kama miligramu 1,300 kwa lita, kalsiamu kama miligramu 400 na kitu, kuna potasiamu, kuna salfeti, na kuna ile akiba ya kaboneti inayozuia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, isiporomoke. Samaki, konokono na bakteria wote wanategemea mchanganyiko huo. Kwa hiyo unanunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu. Mimi natumia Instant Ocean, ule mfuko wa kutengeneza galoni 50, yaani lita 189 hivi. Inayeyuka vizuri, haiachi tope chini ya ndoo, na hadi sasa haijaniangusha.

Hesabu yake iko hivi. Kila lita inakula kama gramu 36. Tangi langu likishawekwa mawe linabeba maji kama lita 90, kwa hiyo kujaza mara ya kwanza kumekula kilo tatu na robo. Kilichobaki mfukoni kinatosha kubadilisha lita 9 kila wiki kwa wiki kumi hivi. Mfuko unaofuata, ukiwa wa kubadilisha maji tu, unafika wiki 21; igawe bei yake kwa wiki hizo, ndiyo utajua gharama halisi ya kufuga. Wengi wanapiga hesabu ya tangi, hawapigi ya chumvi, na wakifika mwezi wa nne wa kufuga wanakwama.

Unavyokoroga: maji yatangulie kwenye ndoo, chumvi ifuate kidogo kidogo pampu ikiwa inazunguka. Ukimwaga maji juu ya chumvi, kalsiamu inaganda na kuwa vumbi jeupe lisiloyeyuka tena. Acha yazunguke mpaka kesho yake.

Na hapa niwaeleze lililonipata, maana nisingependa likupate wewe. Seti yangu ilikuja na haidromita, kipimo cha chumvi, kile kiboksi cha plastiki chenye mshale unaopanda. Ngoja nisogeze mkono. Mnaona? Unachota maji, mshale unapanda, unasoma namba. Unatakiwa usome 1.025 mpaka 1.026, yaani maji yako ni mazito mara hizo ukilinganisha na maji matupu. Mimi nilisoma 1.025 wiki tatu mfululizo, nikalala kwa amani. Konokono wangu sita wakaanza kulegea, wakaanguka kwenye kioo mmoja mmoja, wanne wakafa. Nikabadilisha maji, wapi. Siku nilipoangalia kwa tochi ndipo nikaona vipovu vidogo vya hewa, kama punje za ufuta, vimeshika chini ya mshale. Vinaunyanyua. Maji yalikuwa 1.020, kipimo kinaniambia yako sawa.

Ndiyo maana nasema nunueni refraktomita, kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga. Hii hapa. Unadondosha matone mawili kwenye kioo chake, unafunika, unaangalia mwangani kama darubini: juu bluu, chini nyeupe, na pale rangi mbili zinapokutana ndiyo namba yako. Mstari huo ukae kwenye 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Ila usiipime usahihi wake kwa maji ya kunywa, agiza kichupa cha maji ya kupimia ya 35, ndiyo irekebishwe kwa hayo. Kifaa hiki na kichupa chake, kwangu, ndiyo ununuzi bora kuliko vyote mnavyoviona hapa.

Maji yenyewe ya kukorogea sichoti bombani moja kwa moja. Ya bomba yana klorini, na hata ikitoka yanabaki na fosfeti na silika zinazolisha mwani. Nina mtambo mdogo wa RO jikoni, unaochuja maji kwa kuyasukuma kwenye utando, na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kinachotakiwa kisome sifuri au karibu na hapo. Ubaya wake unamwaga maji mengi kupata kidogo, mimi naona lita tatu nne zinapotea kwa kila moja safi. Hayo ya kumwaga tunayakinga kwenye diaba, mke wangu anadekia na kumwagilia mboga. Kuna mtazamaji aliuliza kuhusu kuagiza maji ya bahari yenyewe kwa basi kutoka Dar. Zaidi ya kilomita 1,000, kwenye madumu, kila wiki? Hapana ndugu yangu.

Maji yakipungua kwa mvuke, kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Kwa hiyo unaongezea maji matupu ya RO. Langu linapoteza kama lita moja kwa siku. Wageni wengi wanaongezea maji ya chumvi, na chumvi inapanda kila siku bila wao kujua.

Sasa mambo ya kwetu hasa, ambayo video za nje hazitakwambia. Wenzetu wa Dar wanahangaika kupoza tangi. Sisi huku mchana hakuna shida, lakini usiku baridi ya ziwani inashuka mpaka nyuzi 17 au 18, na samaki hawa wanataka 25. Hita ni lazima. Nashauri hita mbili za wati 50 badala ya moja ya wati 100, kwa sababu hita ikiharibika mara nyingine inagoma kuzima, na ya wati 50 peke yake haiwezi kuwachemsha samaki haraka kabla hujaamka. Na uwe na kipimajoto pembeni, usiamini namba iliyoandikwa kwenye hita.

Jingine ni hewa. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Huku juu maji yanashika oksijeni pungufu, inapungua kwa kama sehemu moja ya nane ukilinganisha na pwani. Ongeza kwamba maji ya chumvi nayo yanashika oksijeni pungufu kuliko maji yasiyo na chumvi, inapungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Samaki wako ana hasara mara mbili. Kwa hiyo pampu ya mawimbi ielekee juu, uso wa maji ucheze muda wote. Uso ukitulia kama kioo, samaki wanakosa pumzi. Sasa mmejua kwa nini sikuizima.

Na umeme ukikatika? Hii kidude ni pampu ya hewa ya betri. Inakaa kwenye soketi, umeme ukienda inajiwasha yenyewe. Sauti yake inakera, mrija wake ni mgumu, ufungaji wake wa plastiki mbaya. Lakini usiku mmoja umeme ulikatika saa tano mpaka alfajiri, tulifunika tangi kwa blanketi, hii ikaendelea kububujisha, asubuhi wote wazima. Inunueni kabla ya samaki wa kwanza. Nasisitiza, kabla.

Mawe. Mwanza mji wa mawe, najua mtasema twende mlimani tuokote. Jiwe letu la matale halina sumu, lakini halina vitundu, na bakteria wanaosafisha maji wanakaa kwenye vitundu. Nimetumia mwamba mkavu wa kununua, kilo 10, na mchanga wa aragoniti, ule wa chokaa. Matumbawe hai msiagize yavunjwe huko pwani kwa ajili yenu. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, na mwamba ukivunjwa unachukua miaka mingi kurudi.

Baada ya hapo unasubiri bakteria waongezeke. Weka kipande cha nyama ya kamba mbichi kioze ndani. Amonia, sumu ya uozo, inapanda, bakteria wa kwanza wanaigeuza nitriti, nayo ni sumu, wa pili wanaigeuza nitrati isiyo na makali hayo. Wiki nne mpaka sita. Vipimo ninavyotumia ni vya API vya maji chumvi. Amonia: mililita 5 za maji, matone 8 ya chupa ya kwanza, 8 ya pili, dakika tano. Njano ni salama, kijani bado. Kile cha nitrati, chupa ya pili itikise kwa nguvu nusu dakika nzima, dawa yake inatuama chini. Usipotikisa itakupa namba ndogo ya uongo. Langu lilichukua siku 37 mpaka amonia na nitriti zote zikawa sifuri. Watoto waliniuliza kila jioni, “Baba, samaki lini?” na siku 37 nzima tuliangalia mawe.

Tumefika kwa samaki. Kwa lita 100, hesabu yangu ni samaki watatu, wala siongezi. Wawili ni klaunifishi, wale wa chungwa wenye mistari myeupe, chagua waliozalishwa kwenye matangi, wanazoea chakula haraka. Nunua mmoja mkubwa na mmoja mdogo. Wote huanza wakiwa dume, na yule mkubwa ndiye anageuka jike, kwa hiyo hawatagombana sana. Anemoni, yule kiumbe wa baharini wanamojificha, hawamhitaji. Yule wa bluu mwenye mkia wa njano, wa jamii ya kangaja, ambaye kila mtoto anamtaka, mwacheni. Anafika sentimita 30. Na mandarini mwenye rangi zile nzuri mwacheni pia, anakula vijidudu hai tu, kwenye tangi changa atakufa njaa mbele ya macho yako.

Samaki wakifika kutoka Dar, hapa wengi wanakosea. Amekaa kwenye mfuko saa nyingi, amekojoa humo, amonia ipo. Lakini pumzi yake imeshusha pH, na pH ikiwa chini amonia haina makali. Ukifungua mfuko ile hewa chafu inatoka, pH inapanda, na amonia inakuwa sumu palepale. Kwa hiyo usimwache mfukoni saa zima unamdondoshea maji. Muulize muuzaji chumvi yake ni ngapi, andaa beseni la karantini lenye chumvi hiyo hiyo, elea mfuko dakika 15 upate joto sawa, fungua, mtoe kwa kikombe, maji ya mfuko mwaga. Akae karantini wiki nne, ugonjwa wa vidoa vyeupe ujionyeshe huko.

Wa tatu ni gobi mlinzi, na huyu ndiye niliyemwacha mwisho makusudi. Tangi liwe na wavu juu, anaruka. Nilimnunua pamoja na kamba mmoja mdogo, yule mwenye gando kubwa linaloalika. Usiku ukiwa kimya unausikia mlio wake, ta!, hadi chumbani.

Subirini, nizime taa ya chumba. Nasogeza kamera taratibu… pale chini ya jiwe la kushoto. Mnaona shimo? Kamba ndiye analichimba, siku nzima anasukuma mchanga nje kama tingatinga, ila karibu haoni kitu. Gobi amekaa mlangoni. Sasa angalieni ule unywele mwembamba mwekundu unaotoka shimoni, ni wa kupapasia wa kamba… umegusa mkia wa samaki. Hauondoki hapo. Samaki akitikisa mkia, kamba anajua kuna hatari, anarudi ndani.

Huyo, anatoka na mchanga wake. Tulieni, msiongee, mzee jirani naye yuko hapa pembeni ameinama anaangalia.