Palermo kwa miguu: mwongozaji hodari, muda wa kubana

Mwezi wa tano nilikata tiketi ya matembezi ya muda wa saa tatu katika mji mkongwe wa Palermo, kisiwani Sicily. Mwongozaji nampa tano kwa tano. Aliyempangia ratiba, mbili.

Tulianzia kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1185. Kwenye ukumbi wa kusini kuna nguzo iliyochongwa aya ya Qurani, Surat Al-A'raf. Wenzangu walipiga picha wakapita, mimi nikaganda. Waislamu waliuchukua mji huu 831, Wanormani, Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakawapokonya 1072, na nguzo ingali inabeba mlango wa kanisa.

Kuanzia hapo sikio langu la Mombasa halikutulia. Barabara kuu ya kale inaitwa Cassaro: si kasri letu hilo? Mtaa wa Kalsa umetokana na al-Khalisa, ndugu wa "halisi". Na kasri la Zisa ni al-Aziza, azizi mwenyewe. Mwongozaji alicheka, akaniomba nimtamkie tena.

Kero ilikuwa Cappella Palatina, kanisa la mfalme Mnormani Roger II ndani ya ikulu. Ukutani ni vijiwe vya dhahabu kwa mtindo wa Kigiriki. Juu, dari la mbao lililochongwa vijishimo kama sega la nyuki, limejaa picha za wapiga muziki na wanywaji, kazi ya Kiislamu waziwazi. Tulipewa dakika kumi na tano! Shingo haijazoea kutazama juu, tunaambiwa tutoke, na kidude cha masikioni kinakwaruza tu. Hata mwanajiografia Mwislamu Al-Idrisi hakutajwa, aliyemaliza kitabu chake cha jiografia kwa mfalme huyuhuyu 1154, kitabu chenye Malindi na Mombasa ndani yake.

Zisa haimo kwenye matembezi, kwa hiyo kesho yake nilikwenda mwenyewe. Ni kasri la kupunga upepo: maji yalitiririka kwenye mfereji sakafuni, upepo wa baharini ukiingia kwa matao ya mbele. Humo kipo kibao cha kaburi cha 1149, padri alimwekea mamake. Kimeandikwa Kilatini, Kigiriki, Kiarabu, na Kiarabu tena kwa herufi za Kiebrania, kila sehemu ikihesabu mwaka kwa kalenda yake. Nilikaa mbele yake nusu saa, na hakuna aliyeniambia twende.