Preppy, wino wa Carbon na kiboksi cha Cotman: vifaa vyangu vya kuchorea watu Dar

Kama unataka kuchora watu wa Dar wakiwa mbele yako, kwenye shughuli zao, achana na kunakili picha za simu na weka pesa yako kwanza kwenye wino na karatasi. Rangi zinaweza kuwa za bei ya kati na brashi moja inatosha. Lakini wino ukichuruzika mara tu unapopitisha maji juu yake, uso uliouchora umeshakuwa tope na hakuna cha kuokoa. Nasema hivi nikiwa na seti moja ambayo haitoki kwenye mkoba wangu: kalamu ya wino ya Platinum Preppy yenye ncha ya 03, wino mweusi wa Platinum Carbon, kiboksi cha rangi za maji cha Cotman kutoka Winsor & Newton, na brashi ya Pentel Aquash.

Naishi Kigamboni na ofisi yangu iko Posta, kwa hiyo nachora nikisubiri pantoni, nikiwa ndani ya pantoni, na jioni pale Feri kabla sijavuka kurudi nyumbani. Mazingira hayo ndiyo yaliyonichagulia vifaa. Huna meza, huna kikombe cha maji, na unayemchora atashuka dakika chache zijazo akiwa na ndoo yake kichwani. Kifaa kinachohitaji maandalizi hakina nafasi pale.

Nianze na wino, maana ndio uliobeba kila kitu. Wino mwingi wa kalamu za kawaida umetengenezwa kwa rangi iliyoyeyushwa kwenye maji. Ukikauka, maji yakija tena unayeyuka upya. Carbon una chembe laini sana za kaboni, zinazoshika kwenye nyuzi za karatasi, na ukishakauka hauyeyuki tena. Nachora mstari, nasubiri kidogo, napitisha rangi juu yake, na mstari unabaki mweusi vilevile. Kuna duka moja mjini liliniuzia chupa iliyoandikwa kwamba wino wake hautoki kwa maji. Ulitoka. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote anayenunua wino wa aina yoyote ni huu: muombe muuzaji akuruhusu uchore mstari kwenye kipande cha karatasi, uache ukauke vizuri, kisha upitishe kidole chenye maji. Akikataa, nenda duka la pili.

Ubaya wa wino wa chembe ni kwamba ukikaukia ndani ya kalamu unaziba njia. Hapo ndipo Preppy inaponishangaza, kwa kalamu ya plastiki ambayo huko nje bei yake haifiki dola 10. Ndani ya kifuniko chake kuna kifuniko kingine kidogo chenye springi kinachobana ncha isipate hewa. Naweza kuiacha wiki nzima ya kazi nyingi bila kuigusa, nikaifungua, ikaandika kuanzia mstari wa kwanza. Hata hivyo naiosha kwa maji safi kila ninapobadilisha katriji, yaani kile kichupa kidogo cha wino kinachochomekwa ndani ya kalamu, na ningemwambia kila mtu afanye hivyo.

Ncha ya 03 ni nyembamba kuliko wengi walivyozoea, kwa sababu kalamu za Kijapani huwa na ncha nyembamba kuliko za Ulaya zenye alama hiyohiyo ya unene. Faida yake niliiona vizuri zaidi kwenye baraza moja la kahawa Magomeni, ambako wazee hucheza bao baada ya alasiri. Mcheza bao ni zawadi kwa mchoraji. Anainama anapogawa kete, anajiinua na kushika kidevu anapofikiri, halafu anarudi kulekule kuinama. Mkao mmoja unaupata tena na tena, kwa hiyo unaanza mchoro wa kuinama upande mmoja wa ukurasa na wa kufikiri upande wa pili, na kila akibadilika unahamia kwenye mchoro unaomfaa. Kete 64 zinazunguka kwenye mashimo 32, mchezo hauishi haraka, na wewe unapata muda ambao kwenye pantoni huupati kamwe.

Niliomba kwanza. Siku zote naomba, nikiwa karibu kiasi cha kuonana macho.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikuchore ukicheza."

"Marahaba, mwanangu. Chora, lakini usinifunike uso na hiyo mikono yangu."

Nilipomwonyesha, hakutazama uso hata kidogo. Aliweka kidole kwenye kofia. "Hii nimeshonewa kwa mkono. Mbona umeiacha nyeupe tupu?" Basi nikakaa tena, nikachora vitundu vya kofia kimoja kimoja: duara dogo, uzi unaozunguka, duara jingine. Ncha nene ingekuwa imejaza kofia nzima doa jeusi. Hii ya 03 ilipita katikati ya vitundu na kuacha karatasi nyeupe kati yake, na mzee akaridhika kwamba kofia sasa ni ya kwake. Tangu hapo, nikikutana na kofia ya mkono au pindo la khanga lenye maandishi, navipa muda. Mtu akivaa kitu kwa makusudi, kiheshimu kwenye karatasi.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu maelekezo mengi ya kuchora ngozi yameandikwa kwa watu weupe. Kiboksi ninachotumia kina vidonge 12 na kinaingia kwenye kiganja. Cotman ni daraja la bei nafuu la Winsor & Newton, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1832. Rangi za daraja la juu zina nguvu zaidi na unatumia kidogo, lakini kwa mchoro wa dakika kumi ufukweni sijawahi kuona sababu ya kulipia tofauti hiyo.

Vidonge viwili ndivyo vinavyofanya kazi kubwa: Burnt Sienna, ambayo ni kahawia yenye wekundu wa kutu, na Ultramarine, ile bluu nzito. Vichanganye. Kahawia ikizidi, unapata ngozi yenye joto, ya mtu aliyesimama juani. Bluu ikizidi, unapata weusi wa kivulini, chini ya kidevu, ndani ya shavu, chini ya ukingo wa ndoo. Kwa mtu mweusi tii usikimbilie rangi nyeusi, hata kama kiboksi kingine kinayo. Nyeusi inaufanya uso uwe bapa, kama umekatwa kwenye gazeti. Mchanganyiko wa hivi viwili ukiwa mzito unakaribia weusi kabisa, lakini bado ndani yake kuna joto, na hilo ndilo unaloliona ukimtazama mtu halisi. Kwa mwenye ngozi ya maji ya kunde, anza na Yellow Ochre nyepesi, iache ikauke nusu, ndipo uingize Burnt Sienna kwenye kivuli.

Kuna kidonge cha Chinese White kwenye kiboksi. Kwenye nyuso kiache. Ukikichanganya na kahawia ili uipate ile ming'ao ya paji la uso, ngozi inapauka, na hakuna mama wa Feri atakayekubali kuchorwa akiwa amepauka. Mng'ao ni karatasi yenyewe. Mchana wa Dar jua liko juu, linapiga paji la uso, ncha ya pua, mfupa wa shavu na mabega. Maeneo hayo yaache makavu tangu mwanzo, zungushia rangi, kisha lainisha ukingo mmoja kwa brashi yenye maji matupu. Nilimchora hivyo dada anayekaanga samaki pale sokoni. Mvuke wa mafuta ulikuwa umempa uso mng'ao, na nilichofanya ni kutogusa vipande vitatu vya karatasi. Akasema, "Huyu ni mimi kabisa, hata jasho umeliona." Sijapata sifa niliyoipenda kuliko hiyo.

Brashi ya Aquash sina mengi. Mpini wake ni kichupa laini, unajaza maji nyumbani, ukiubana yanashuka kwenye ncha. Kwenye pantoni haina mpinzani. Kwa eneo kubwa, kama anga au gauni la kitenge, maji yanakuja mengi bila mpangilio, na brashi ya kawaida ingefanya vizuri zaidi. Mimi nachora watu, kwa hiyo nimeishi nayo.

Karatasi ni jambo jingine. Karatasi ya mashine ya kuchapishia ina gramu 80 kwa mita ya mraba; ukiiwekea maji inajikunja na wino unaenea kama mizizi. Daftari la rangi za maji lenye gramu 300 linabaki limenyooka, na unaweza kurudia rangi mara mbili bila uso wa karatasi kuchubuka. Ni ghali, nakubali, na ndiyo gharama inayorudi kila mara kuliko zote. Chagua lenye ukubwa wa nusu ya A4 ili karatasi moja itoshe watu wawili watatu, na lenye jalada gumu kwa sababu goti lako ndilo meza.

Jambo la hali ya hewa usilisahau. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, rangi inachelewa sana kukauka na ukifunga daftari mapema kurasa zinashikana. Wino nao unataka kusubiriwa zaidi. Natumia klipu za karatasi kuacha daftari wazi hadi nishuke upande wa pili. Kiangazi mambo yanageuka: upepo wa bahari unakausha rangi kabla hujalainisha ukingo, kwa hiyo lowesha eneo dogo tu kwa wakati mmoja, shavu kwanza, kisha shingo.

Kuhusu kununua: madukani kwetu penseli na rangi za shule zipo kila kona, lakini wino wa Carbon sikuupata, nililetewa na ndugu aliyesafiri. Ukiagiza, fikiria katriji badala ya chupa. Chupa ina mililita 60 na ni ya muda mrefu, ila Preppy haifyonzi wino kutoka kwenye chupa bila kifaa cha kuvuta kinachouzwa peke yake, na chupa ya kioo haifai kuzunguka nayo ndani ya daladala. Katriji unaichomeka na kuendelea kuchora, hata ukiwa umesimama.