Boksi la Hadithi na Majaribio: Kitabu Kizuri, Vifaa vya Kubabaisha

Maboksi ya sayansi ya watoto yapo tele kwenye maduka ya vitabu na midoli hapa Dar, na mengi yanafanana: picha ya volkano juu ya kifuniko, vijiko vya plastiki ndani. Hili limejitofautisha kwa kitabu chake. Ni hadithi ya Kiswahili chepesi, saizi ya mtoto wa darasa la tatu anayesoma bila kushikwa mkono, na majaribio yake manne yamo ndani ya hadithi yenyewe. Mhusika anakwama, ukurasa unaishia kwenye swali, jibu liko ng'ambo ya ukurasa. Mtoto anatakiwa asimame hapo, akisie, ajaribu, ndipo afunue.

Mpangilio huo ndio unaolipa boksi hili thamani. Kwenye mengine mtoto anasimuliwa jibu kwanza, kisha anaambiwa afanye jaribio la kulithibitisha. Nani ana hamu ya kuhangaika kwa jambo analolijua tayari? Angalizo moja tu: watoto huchungulia. Bana kurasa zinazofuata kwa kibanio cha nguo, na kisio liandikwe kwa penseli kabla ya kitu chochote kuguswa.

Sasa vifaa. Hapo ndipo pa kulaumu.

Katika sura ya umeme kukatika, mtoto anawasha taa ndogo ya LED kwa malimau. Boksi lina misumari miwili, vipande viwili vya shaba na LED moja nyeupe. Haitawaka, hata ukibadilisha malimau mara kumi. Limau moja lenye msumari wa kupigilia mabati na shaba hutoa takribani volti 0.9, kwa hiyo mawili hayafiki 2, na LED nyeupe inataka karibu 3. Nunua LED nyekundu kwa mafundi redio. Hiyo huanza kuonyesha mwanga kwenye volti 1.8 hivi. Tumia malimau manne, maana volti hushuka mara tu taa inapounganishwa. Misumari iwe ile ya kupigilia mabati, kwa sababu imepakwa zinki, na shaba ichunwe kwenye waya mnene wa umeme wa nyumba, kipande cha sentimita 5 kwa kila limau. Viringisha limau mezani kwa kiganja mpaka lilegee. Chomeka msumari na shaba zikiachana sentimita 2, zisigusane ndani. Shaba ya limau la kwanza iende kwenye msumari wa la pili, hivyo hivyo hadi la nne. Mguu mrefu wa LED uguse shaba iliyobaki, mfupi uguse msumari uliobaki. Mwanga ni hafifu, funga mapazia. Ikigoma, geuza miguu ya LED kabla ya kulaumu kingine. Malimau hayo yatupwe, yasirudi jikoni: zinki imeyeyukia humo, na zinki hiyo ndiyo inayotoa nguvu, si limau kama watoto wengi wanavyodhani.

Jaribio la yai kuelea limeandikwa vizuri, ila pakiti ya chumvi iliyomo ni ya kunyunyizia chipsi. Glasi ya mililita 250 inahitaji vijiko vitatu vya mezani, vikorogwe mpaka chumvi iishe chini. Wanaoishi karibu na ufukwe wabebe na chupa ya maji ya bahari. Watoto karibu wote watakisia kwamba yai litaelea humo, lakini yai bichi lililo freshi huzama: bahari ina kama gramu 35 tu za chumvi kwa lita. Jaribio hili halimo kitabuni, na ni zuri kuliko lililomo. Yai la zamani huharibu mchezo, maana lina hewa nyingi ndani na huweza kuelea mapema.

Kwa kupima ndimu na magadi, kitabu kinadai maji ya kabichi ya zambarau, ambayo hubadili rangi kwenye kitu kichachu na kwenye magadi. Ya nini kuisaka? Chemsha kiganja cha rozela kavu kwenye nusu lita ya maji, chuja, iache ipoe. Ukitia ndimu huwa nyekundu ang'avu, ukitia magadi hugeuka kijani. Tumia maji ya chupa au ya mvua. Ya kisima yenye madini mengi huanza kubadili rangi yenyewe, mtoto akabaki hana glasi ya kulinganishia. Magadi yasiguse macho.

Sura ya kivuli ina kosa la kitaalamu. Inasema saa sita kamili mchana kivuli cha kijiti huwa kifupi kabisa na huelekea kaskazini. Hiyo ni habari ya Ulaya. Saa zetu hufuata longitudo 45, mashariki ya Dar, hivyo jua hufika juu kabisa kati ya saa 6:06, mwanzoni mwa Novemba, na saa 6:37, katikati ya Februari. Kivuli cha wakati huo huelekea kaskazini kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzo wa Machi tu. Miezi iliyobaki huelekea kusini. Na karibu na tarehe 3 Machi na 11 Oktoba, kijiti kilichosimama wima karibu hakina kivuli kabisa. Kitabu kinachouzwa Dar kimeliacha hilo!

Karatasi ya maelekezo ni ya Kiingereza kitupu, ingawa hadithi ni ya Kiswahili, na haitaji umri wala kuwa na mtu mzima karibu wakati wa kuchemsha. Kabla ya kulipa, uliza kaunta kama wanauza kitabu peke yake. Kama wanauza, chukua hicho. Misumari, waya, LED na rozela zote zinapatikana Kariakoo kwa mzunguko mmoja.