Laptopu ya gemu au kompyuta ya mezani: nimekaa na zote mbili

Laptopu niliinunua kwa sababu moja tu: niliamini nitaibeba. Kazi yangu ni usanifu, mabango na nembo kwa wingi, na siku hizi michoro ya pande tatu kwenye Blender. Usiku kazi ikiisha, nacheza gemu. Nikajiambia mashine moja itabeba yote. Ilikuwa na kadi ya grafiki ya RTX 4070, RAM ya GB 16 na skrini ya 144 Hz, na kwa maandishi ya kwenye boksi haikuwa na la kuulizwa. Nilifanya nayo kazi mwaka mmoja na nusu. Sasa nina mwezi wa nane na kompyuta ya mezani.

Nianze na jina la kadi, maana hapo ndipo nilipopigwa chenga. RTX 4070 ya laptopu si RTX 4070 ya mezani. Ya mezani ina kumbukumbu yake yenyewe, mbali na RAM, ya GB 12 na inaruhusiwa kula wati 200. Ya laptopu ina GB 8, na wati zake zinategemea aliyeunda mashine ameamua kuipa ngapi, kwa hiyo laptopu mbili zenye kadi ya jina lilelile zinaweza kuachana mbali kwa kasi. Namba hiyo ya wati haikuwa kwenye boksi langu. Nilikuja kuikuta ndani kabisa ya karatasi ya vipimo, wakati risiti nilishaitupa.

Kwenye Photoshop hizo GB 8 hazikuwahi kunisumbua. Blender ndiyo iliyoniumbua. Nilikuwa nachora sebule kwa ajili ya mteja wa samani, makochi yana kitambaa chenye nyuzi zinazoonekana moja moja, zulia ndiyo usiseme. Nilipobonyeza kurenda, yaani kompyuta itengeneze picha ya mwisho, programu ikagoma ikidai kumbukumbu imejaa. Ikabidi nipunguze ubora wa picha za kitambaa, yaani kile kitu hasa alichotaka mteja kukionyesha.

Halafu kuna joto. Video fupi ya sekunde 10, kwa fremu (picha moja moja) 24 kila sekunde, ni fremu 240. Fremu za mwanzo zilitoka kwa sekunde 20 kila moja, nikafurahi, nikaenda kunawa. Niliporudi zilikuwa zinachukua 27. Prosesa ilikuwa nyuzi joto 96, feni zinapiga kelele hadi mwenzangu aliyekuwa kwenye simu chumba cha pili akafunga mlango. Ndani ya laptopu nyingi za gemu, prosesa na kadi ya grafiki hutumia mabomba yaleyale ya kupooza, kwa hiyo mmoja akichemka anamchemsha jirani yake, na mashine inajipunguzia kasi isiungue. Niliinua nyuma kwa vitabu viwili, joto likashuka nyuzi 4. Nikanunua stendi yenye feni, nikapata nyuzi nyingine 2 na kelele ya ziada. Kwenye gemu ndefu, vitufe vya W na A vilikuwa vya moto kiasi kwamba nilicheza kwa ncha za vidole.

Kilichonigharimu heshima, lakini, ni skrini. 144 Hz ni kasi ya skrini kubadilisha picha, haina uhusiano wowote na rangi. Skrini yangu ilikuwa inaonyesha kama asilimia 60 tu ya rangi za sRGB, kile kipimo cha kawaida cha rangi za skrini, jambo la kawaida kwa laptopu za gemu zisizo za daraja la juu. Nyekundu ilionekana imepauka, nikaikoleza. Bado imepauka, nikaikoleza tena. Nikamtumia mteja bango, akalifungua kwenye simu yake na kuniuliza, "Mbona linaumiza macho?" Niliomba kuliona. Kweli lilikuwa linaumiza macho.

Nikanunua skrini ya nje ya inchi 27 inayoonyesha sRGB yote. Baada yake kibodi, kwa sababu ya vile vitufe vya moto. Baada yake kipanya kizuri. Siku moja nikaitazama ile meza: laptopu imefunikwa pembeni, nyaya nne zimeingia ubavuni, haijasogea wiki tatu. Nikafungua kalenda nikahesabu. Mwezi mzima niliibeba mara 2, na mara zote mbili ni kwenda kumwonyesha mteja picha. Chaja yake ya wati 230 ilikuwa tofali. Na bila chaja gemu zilishuka hadi nusu ya fremu kwa sekunde, kwani betri haiwezi kutoa umeme ambao kadi inautaka.

Kompyuta ya mezani niliiunga mwenyewe: prosesa ya Ryzen 7 7700, RAM ya GB 32, na kadi kwa makusudi kabisa nikachukua RTX 4070, nione tofauti. Faili lilelile, fremu zilezile 240. Sekunde 13, ya kwanza mpaka ya mwisho, kadi ikiwa nyuzi 66. Sebule ya mteja ikapita na zulia lake lote. Baadaye niliongeza RAM kufika GB 64 kwa bisibisi moja na dakika kumi, kazi ambayo laptopu yangu isingekubali kirahisi kwa sababu kipande kimoja cha RAM kimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu (motherboard).

Isije ikaonekana ni malaika. Ubao niliochagua hauna Wi-Fi, uzembe wangu, nikaishia kuvuta waya wa intaneti ukutani. Na wiki ya pili umeme ulikatika nikiwa kwenye Illustrator, saa nzima ya kazi ikaenda. Laptopu ilikuwa imenidekeza kwa betri yake; sikuwa na tabia ya kuhifadhi kila baada ya dakika chache. UPS, betri ya akiba inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika, nimenunua siku ileile, na wewe iweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kama kweli unahama na kazi yako, labda unasoma au unapiga picha nje na kuhariri hukohuko, chukua laptopu, mimi sitakucheka. Ila muulize muuzaji kadi inapewa wati ngapi, skrini ina asilimia ngapi ya sRGB, na RAM inaongezeka au la. Akijibu "hii ni ya gemu, inafanya kila kitu", nenda duka jingine.

Yangu bado ninayo, ndiyo ya kwendea kwa wateja. Juzi niliibeba, chaja nikaisahau juu ya meza. Ilidumu dakika 50, kikao tukakimalizia kwenye simu ya mteja. Nyekundu safari hii ilikuwa sawa.