Pakiti za mbegu za maua “ya nyuki”: soma nyuma kwanza
Picha ya mbele inavutia, lakini majina ya kisayansi yako nyuma. Pakiti nyingi hujazwa maua ya msimu mmoja: mwaka wa kwanza shangwe, wa pili magugu. Maua ya kudumu ya asili ya eneo lako hujenga mizizi kwanza. Mengi huchanua mwaka wa 2 au wa 3, hivyo usiyang'oe kwa papara. Changanya sehemu 1 ya mbegu na 4 za mchanga, tawanya, kandamiza, usifukie: mbegu ndogo nyingi huhitaji mwanga. Mbolea hunenepesha magugu tu. Miche ya kitalu huwahi kuchanua, ila uliza kama imepigwa dawa ya wadudu. Na ua lenye petali zilizorundikana? Zuri kwa macho, ila mara nyingi nyuki haambulii kitu.