WD-40 dhidi ya gundi sugu za nyumba ya kupanga: uzoefu wangu

Nyumba tuliyohamia hapa Tanga mwezi Februari ilionekana safi ukiitazama kutoka mlangoni, lakini kila nilipoweka mkono, mkono ulinata. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa amefunga wavu wa mbu kwenye fremu zote za madirisha ya aluminiamu kwa utepe wa velkro, na alipohama aling'oa nyavu zake na kutuachia mstari mweusi wa gundi ulioizunguka kila fremu, umejaa vumbi la barabarani na manyoya ya paka. Jikoni, nyuma ya jiko, palikuwa na michirizi ya selotepu ya kahawia juu ya vigae. Friji yetu wenyewe, ambayo tuliinunua ya mtumba, nayo ilikuja na stika za katuni ambazo mtoto wa watu, huko ilikotoka, alizibandika kwa mapenzi makubwa.

Kabla sijafika kwenye WD-40 yenyewe, yaani mafuta mepesi ya kupuliza yanayouzwa kwenye kopo, sina budi kukiri kosa langu la kwanza. Fundi wa rangi aliyekuwa akimalizia kazi kwa jirani alinimiminia thina kidogo kwenye kikopo, nikaijaribu kwenye kigae, gundi ikatoka mara moja kama haikuwahi kuwapo. Nikaingiwa na kiburi, nikaenda na kitambaa kilekile hadi kwenye mpini wa friji. Kitambaa kilitoka na rangi ya mpini, na pale palipokuwa panang'aa pamebaki ukungu wenye alama ya vidole vyangu vitatu hadi leo. Fundi hana lawama, kwa kuwa hakuniambia niipeleke kwenye plastiki. Thina, pamoja na asetoni iliyomo katika dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha, haibagui: huyeyusha gundi na huyeyusha pia aina nyingi za plastiki iliyo chini yake.

Shangazi yangu, aliyekuja kutusaidia kupanga vyombo, aliniangalia nikiparura fremu kwa kisu na stili waya, akasema, "Mwanangu, hiyo gamu inataka mafuta, haitaki nguvu." Akachukua mafuta ya nazi, akayapaka juu ya lebo ya chupa ya asali, akaiacha. Tulipomaliza kunywa chai lebo ilivuliwa kama ganda la ndizi. Alikuwa na haki, na sababu yake si ya miujiza. Gundi za selotepu nyingi hutengenezwa kwa mpira uliochanganywa na utomvu wa aina mbalimbali, na mpira hauyeyuki katika maji hata ukiusugua mchana kutwa, ilhali mafuta huupenya, huuvimbisha na kuufanya uachie. Ndiyo maana siki, ambayo watu huisifu kwa kila kazi ya usafi, ilinivunja moyo kabisa hapa: ilifaa kwenye lebo za karatasi zilizobandikwa kwa gundi inayolainika kwa maji, na hata hizo maji ya moto peke yake yalizitoa vilevile.

Hata hivyo mafuta ya nazi yalishindwa kwenye madirisha. Gundi iliyokaa juani kwa miaka huungana na oksijeni ya hewani, hukauka, hubadilika rangi na kuwa ngumu kama gamba, na mafuta mazito ya kupikia huchukua muda mrefu mno kuipenya. Hapo ndipo nilipokwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kununua kopo la WD-40 la mililita 330, lile la buluu na njano ambalo mafundi wengi wa baiskeli na pikipiki wanalo. Halikubuniwa kwa ajili ya gundi hata kidogo. Lilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, ili kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye metali. Herufi za jina lake zinasimamia kazi hiyo ya kuondoa maji, na 40 ni jaribio la arobaini lililofanikiwa. Sehemu kubwa ya kilichomo ndani ni mafuta mepesi yatokanayo na petroli ghafi, na wepesi huo ndio uliokosekana kwenye nazi ya shangazi. Jaribio langu la kwanza lilikuwa stika ya bei ambayo mwenye duka aliibandika kwenye kopo lenyewe. Ilitoka.

Kwenye fremu za madirisha nilijifunza kwamba dawa hii inalipa subira kuliko nguvu za mkono. Siku ya kwanza nilipuliza, nikafuta papo hapo, na matokeo yake yalikuwa uji mweusi uliosambaa hadi kwenye kioo. Siku ya pili nililoweka vipande vya fulana kuukuu, nikavilaza juu ya mstari wa gundi ili dawa isitiririke wala kukauka, nikaenda sokoni. Niliporudi baada ya kama nusu saa, gundi ilikuwa imevimba na kubadilika kutoka nyeusi kuwa kijivu, ikiwa na mikunjo midogo kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Nikachukua kadi ya benki iliyokwisha muda wake, nikaisukuma kwa pembe ya kulala, na gundi ikajikunja mbele ya kadi kama uzi mnene, ikaacha aluminiamu yenye rangi yake nyeupe bila mkwaruzo. Dirisha la upande wa magharibi, linalopigwa na jua la alasiri, lilihitaji kurudiwa mara tatu. Mengine yalitoka kwa mara moja au mbili.

Kwa utepe mnene wa sponji wenye gundi pande zote mbili, ule wa kubandikia vioo na kulabu, kupuliza juu hakusaidii kwa sababu dawa haifiki ndani. Nilitumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikaupitisha nyuma ya kulabu na kuuvuta kushoto na kulia kama msumeno, kisha mabaki nikayapasha kwa mashine ya kukaushia nywele kwa dakika moja, nikapaka dawa. Joto hulainisha gundi, na kwa stika mpya mara nyingi joto peke yake linatosha, ila usilitumie ukiwa umeshapuliza, kwa kuwa dawa hii inashika moto.

Hilo la moto nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wakifanya kazi hii jikoni huku chungu kikichemka. Nilizima gesi, nikafungua madirisha na mlango, nikasubiri harufu iishe kabla ya kuwasha tena. Petroli ya gari, ambayo jirani alinishauri kwa nia njema, sikuigusa kabisa. Mvuke wake huwaka hata hewa ikiwa ya baridi, sembuse kwa joto la Tanga.

Kwenye friji niliitumia WD-40 juu ya mlango wa chuma uliopakwa rangi, na stika za katuni zilitoka zote isipokuwa kivuli chepesi mahali ambapo rangi ya jirani yake imefifia kwa umri. Droo za ndani zinazoonyesha vilivyomo sikuzipulizia. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba dawa hii isitumiwe kwenye polikaboneti na kwenye polistairini angavu, na droo nyingi za friji hutengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo ya pili. Humo nilirudi kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na subira.

Kasoro kubwa ninayoipa ni utelezi. Haiondoki yenyewe: inaondoa gundi, halafu inabaki yenyewe kama utando wa mafuta. Nilisafisha vigae vya nyuma ya jiko, matone yakadondoka sakafuni, na mama mkwe aliyeingia kuchota maji nusura aanguke. Tangu siku hiyo ninatandika magazeti chini, na nikimaliza ninaosha mara mbili kwa sabuni ya vyombo na maji ya moto. Ukiruka hatua hiyo, vumbi litakaa juu ya mafuta na baada ya wiki utadhani gundi imerudi.

Je, mafuta ya taa yasingefanya kazi ileile kwa bei ndogo? Yangefanya, na kwenye dirisha moja la stoo niliyajaribu: yalichukua muda mrefu zaidi, yakatoa gundi vizuri, ila harufu yake ilikaa humo siku nne. Mwenye dirisha moja tu la kusafisha asijisumbue kununua kopo. Mimi nilikuwa na madirisha saba, na kopo moja liliyamaliza yote likabaki kidogo kwa bawaba za geti.

Mahali liliponishinda ni ukuta wa sebuleni. Rangi ya maji hunywa mafuta, na nilipopuliza juu ya alama ya selotepu, gundi ilitoka lakini nyuma yake likabaki doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani ya chai, ambalo limeshatokeza tena baada ya kupakwa rangi mara mbili. Pale sasa nimetundika kalenda, kwa msumari.