Mshauri wa kodi kwa tunaolipwa na kampuni za nje: maoni yangu

Nahariri video kwa kampuni ya Marekani. Si mwajiriwa wao. Mwisho wa mwezi natuma ankara, wanalipa kwa dola. Mhasibu niliyekuwa naye awali alizoea maduka na mishahara, na kila nilipomgusia hela za nje alibabaika. Nikahamia kwa mshauri anayehudumia watu wa aina yangu tu, kwa simu ya video.

Jambo la kwanza alilotaka kujua ni kazi naifanya nikiwa nchi gani. Nilidhani ni swali la kujuana, kumbe ndiyo shina lenyewe. Kwa sheria ya Marekani, malipo ya huduma huhesabiwa yamepatikana pale kazi ilipofanyika, haidhuru mlipaji yuko wapi. Mimi si raia wao, sina ukaazi huko, na kazi yote naifanyia nje ya nchi yao. Basi ile kodi ya zuio ya asilimia 30, ambayo mlipaji huikata kabla ya kukulipa na inayowatisha wengi, hainihusu. Anayesafiri kwenda kufanya sehemu ya kazi hukohuko hesabu yake ni nyingine, na hilo alilisisitiza.

Fomu ya W-8BEN, ambayo mtu binafsi huthibitisha kwayo kwamba si raia wala mkazi wa Marekani, tuliijaza pamoja, mstari kwa mstari. Hukabidhiwa kampuni inayokulipa. Haitumwi mamlaka ya kodi ya Marekani. Kwa kawaida hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini: ya Machi 2024 inafika 31 Desemba 2027. Taarifa zako zikibadilika na kuifanya isiwe sahihi, una siku 30 kuijulisha kampuni hiyo.

Nilichompendea zaidi ni kwamba hakuishia hapo. Wenzangu wengi wakishasaini fomu hiyo wanaona wamemaliza, na inaniuma kuona watu wazuri wakijitengenezea deni. Kampuni isipokata kitu, hakuna aliyekulipia kodi popote. Nchi nyingi humtoza mkazi wake kwa mapato yote, hata yaliyotoka ng'ambo, kwa hiyo kujisajili, kuwasilisha ritani na kulipa ni juu yako. Alinionyesha pia kwamba mapato ni kiasi kamili kilicho kwenye ankara, si kile kilichotua benki. Makato ya jukwaa na ada ya kutuma huandikwa kando kama gharama, pale sheria ya nchi yako inaporuhusu. Peke yake, somo hilo lilinitosha kumlipa.

Kasoro zipo. Barua pepe anajibu kwa kuchelewa mno, na tarehe ya mwisho ikikaribia hilo linakera. Jedwali lake la ankara halina safu ya kiwango cha kubadilishia fedha wala tarehe yake, ilhali dola ya Januari si ya Juni. Niliongeza mwenyewe. Michango ya hifadhi ya jamii aliipitia juujuu tu, nami naona mtu asiye na mwajiri ndiye anayehitaji kuelezwa zaidi.

Anayegawa mwaka wake kati ya nchi mbili asiende kwake. Masuala ya siku 183, kipimo ambacho nchi nyingi hutumia kuamua kama wewe ni mkazi wake kwa kodi, na mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili hayachukui, na anasema hivyo waziwazi kabla hujalipa chochote. Mwenye kampuni iliyosajiliwa naye fomu yake ni W-8BEN-E, ndefu kuliko yangu kwa mbali, na hiyo pia haijazi. Kwa mtu mmoja, mteja mmoja au wawili wa nje na makazi yasiyohamahama, nampa nyota nne kati ya tano.